Jinsi ya Kutathmini Jaribio la Mwanga na Usanisinuru: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi na Mwalimu wa Sekondari

Ripoti nyingi za maabara ninazosahihisha huanza vizuri na kuishia vibaya. Mwanafunzi ameorodhesha vifaa, ameeleza hatua, amechora grafu kwa penseli iliyochongwa vyema, kisha anapofika kwenye tathmini anaandika: "Jaribio lilifanikiwa, ila yalikuwepo makosa ya kibinadamu." Sentensi hiyo haimwambii msomaji lolote. Haisemi ni kosa gani, lilitokea katika hatua ipi, wala kama liliongeza au lilipunguza namba zilizoandikwa kwenye jedwali. Inasikitisha, kwa sababu tathmini ndiyo sehemu ya ripoti ambayo mwanafunzi hawezi kuinakili kitabuni. Inatokana na kile alichokiona yeye mwenyewe mezani pake siku ile.

Kutathmini jaribio ni kuuliza swali moja na kulirudia katika kila hatua: ni kitu gani kingine, mbali na hicho tunachokidai, ambacho kingeweza kutuletea matokeo haya haya? Kila kasoro inayotajwa inapaswa kuambatana na mambo matatu, yaani kasoro yenyewe ni ipi, iliyasukuma matokeo upande gani, na jaribio lingebadilishwaje ili kuiondoa au kuipima. Kasoro isiyo na upande ni malalamiko tu.

Mwongozo huu unatumia hasa jaribio la mmea wa majini unaowekwa mbele ya taa, kwa kuwa ndilo lenye namba, na baadaye unagusia jaribio la wanga katika jani.

Hatua ya kwanza: andika upya kile kilichopimwa

Kwanza tukumbushane jaribio lenyewe. Kipande cha mmea wa majini chenye urefu wa sentimita 8 hadi 10 hukatwa shina lake kwa wembe mkali na kutumbukizwa ndani ya bika (chombo cha kioo cha maabara) lenye maji, sehemu iliyokatwa ikielekea juu. Ndani ya maji huongezwa kiasi kidogo cha bikaboneti ya sodiamu, ule unga mweupe wa kuokea keki unaouzwa madukani (baking soda, si hamira), ili mmea upate kabonidayoksaidi ya kutosha. Taa huwekwa sentimita 10 kutoka kwenye mmea, kisha 20, 30, 40 na 50, na kila mara mwanafunzi huhesabu viputo vinavyotoka kwenye shina kwa dakika moja.

Vitabu vingi huelekeza Elodea, mmea ambao si rahisi kuupata kwetu. Hydrilla na Ceratophyllum, ambayo hupatikana katika Ziwa Victoria, hufanya kazi hiyo hiyo. Gugu maji lisitumike, kwa kuwa majani yake huelea juu ya maji na gesi yake huishia hewani moja kwa moja.

Sasa angalia kwa makini. Kichwa cha ripoti kinasema "athari ya ukali wa mwanga katika kasi ya usanisinuru" (yaani kasi ambayo mmea hutumia mwanga kujitengenezea chakula na kutoa oksijeni), lakini hakuna aliyepima ukali wa mwanga, wala hakuna aliyepima usanisinuru. Kilichopimwa kwa rula ni umbali, na kilichohesabiwa kwa macho ni viputo. Katikati ya kilichopimwa na kinachodaiwa kuna mnyororo: umbali unasimama badala ya mwanga, viputo vinasimama badala ya oksijeni, na oksijeni inasimama badala ya usanisinuru. Andika mnyororo huo juu ya ukurasa wa tathmini kabla ya kuandika kitu kingine chochote. Kazi yako kuanzia hapo ni kukagua pingili moja baada ya nyingine.

Hatua ya pili: kagua pingili ya umbali na mwanga

Mwanga unaotoka kwenye chanzo kidogo hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaoufikia mmea hubaki robo. Umbali ukiongezeka mara tano, hubaki sehemu moja ya ishirini na tano. Kwa hiyo tukiupa mwanga wa sentimita 50 thamani ya 1, mwanga wa sentimita 40 ni takriban 1.56, wa 30 ni 2.78, wa 20 ni 6.25 na wa 10 ni 25. Mwanafunzi anayechora grafu ya viputo dhidi ya umbali pekee hupata mkunjo unaomchanganya. Achore viputo dhidi ya thamani hizi, na mambo mengi yatajifunua.

Kanuni hiyo ina masharti yake. Inafaa kwa balbu ndogo iliyo wazi. Haifai kwa taa ndefu ya bomba, wala kwa taa yenye kioo cha nyuma kinachokusanya mwanga na kuuelekeza mbele. Ikiwa taa iliyotumika ilikuwa ya aina hizo, thamani za hapo juu zinakuwa makadirio, na tathmini iseme hivyo.

Kisha uliza: umbali ulipimwa kutoka wapi hadi wapi? Mara nyingi naona rula imewekwa kutoka ukingo wa taa hadi ukingo wa bika, ilhali mmea uko katikati ya maji na chanzo cha mwanga kiko ndani ya balbu. Kosa la sentimita 1 haliumizi sawa kila mahali. Kama mmea uliodhaniwa uko sentimita 10 kwa kweli uko sentimita 11, mwanga unaoufikia umepungua kwa takriban asilimia 17. Kosa hilo hilo kwenye sentimita 50 hupunguza mwanga kwa asilimia 4 tu. Mwanafunzi anayeandika kwamba kosa la rula liliathiri zaidi vipimo vya karibu, tena akaonyesha hesabu hii, ameshaandika tathmini ya kweli.

Mwanga wa chumba nao ni wa kuchunguza. Mmea haujui kwamba tunachunguza taa tu; unatumia pia mwanga wa dirishani. Karibu na taa mchango huo ni mdogo ukilinganishwa na mwanga wa balbu, lakini sentimita 50 kutoka kwenye taa unaweza kuwa sehemu kubwa ya mwanga wote. Kasoro hii inaongeza viputo vya vipimo vya mbali kwa uwiano mkubwa zaidi, na kufanya tofauti kati ya mbali na karibu ionekane ndogo kuliko ilivyo. Kuipima ni rahisi mno: zima taa, subiri dakika tano, hesabu viputo. Idadi utakayoipata ndiyo mchango wa chumba.

Siku moja umeme ulikatika tukiwa kwenye kipimo cha sentimita 30. Kundi moja lilibeba bika lake hadi dirishani, likaendelea kuhesabu juani, na kuandika namba hizo kwenye safu ile ile ya sentimita 30. Hawakuwa na nia ya kudanganya. Waliona mwanga ni mwanga. Lakini chanzo kilikuwa kimebadilika, na umbali wa jua hauwezi kuandikwa kwa rula. Shule isiyo na umeme wa uhakika inaweza kupanga tangu mwanzo kutumia jua, na kupunguza ukali wake kwa kufunika bika kwa tabaka moja, mbili, tatu na nne za neti nyeupe. Simu nyingi zina kihisi cha mwanga kinachoweza kusomwa kwa programu na kutoa kipimo cha luksi kwa kila idadi ya tabaka. Luksi imetungwa kwa kufuata jicho la binadamu, ambalo huona kijani vizuri zaidi, wakati mmea hutumia sana mwanga mwekundu na wa buluu. Hivyo kipimo hicho kinafaa kulinganisha mwanga wa chanzo kimoja, si taa za rangi tofauti.

Hatua ya tatu: kagua pingili ya viputo na oksijeni

Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa kuliko yote, na hapa ndipo wanafunzi wengi hupita haraka.

Kuhesabu kiputo kimoja kuwa sawa na kingine ni kudhani kwamba viputo vyote vina ujazo sawa. Ujazo wa kiputo hufuata mchemraba wa kipenyo chake. Kiputo chenye kipenyo cha milimita 2 kina gesi mara nane ya kiputo cha milimita 1, ingawa kwenye jedwali vyote viwili vimeandikwa "1". Inama, weka jicho usawa wa maji, utazame ncha ya shina: utaona viputo vidogo vikifuatana kama shanga, kisha kimoja kinang'ang'ania ukingo wa mkato, kinanenepa, kinatikisika, na ndipo kinaachia. Hicho kimoja kinaweza kuwa na gesi zaidi ya vile vitano vilivyokitangulia. Andika ulichokiona. Tathmini inayosema "viputo vya sentimita 10 vilikuwa vikubwa kuliko vya sentimita 40" ni ushahidi. Inayosema "huenda viputo havikulingana" ni dhana tu.

Kuhesabu kwenyewe kuna tatizo lake. Viputo vinapotoka kwa kasi, ulimi unachelewa. Mwanafunzi anayetamka "thelathini na nane, thelathini na tisa" anakuta viwili vimeshapita kabla hajamaliza kutamka, kwa hiyo kasi kubwa huhesabiwa pungufu wakati kasi ndogo huhesabiwa kwa usahihi. Dawa yake ni kupiga nukta moja ya penseli kwenye karatasi kwa kila kiputo bila kutamka chochote, kisha kuhesabu nukta baada ya dakika kwisha. Mwenye simu anaweza kurekodi video na kuitazama polepole.

Je, gesi hiyo ni oksijeni? Sehemu yake ni oksijeni, lakini ndani ya kiputo huingia pia naitrojeni iliyokuwa imeyeyuka majini, na sehemu ya oksijeni huyeyuka majini bila kuonekana kabisa. Tena mmea unapumua wakati wote, mchana na usiku, na hutumia sehemu ya oksijeni unayoitengeneza. Kinachotoka ni baki baada ya matumizi ya upumuaji. Ndiyo maana katika mwanga hafifu sana mmea unaweza kuacha kutoa viputo ingawa usanisinuru bado unaendelea. Oksijeni yote inayozalishwa inatumika ndani. Mwanafunzi anayehitimisha kwamba "viputo sifuri maana yake usanisinuru sifuri" amevuka mpaka wa ushahidi wake.

Vilevile kuna viputo ambavyo havikutoka kwenye mmea hata kidogo. Maji yakipata joto hushika gesi pungufu kuliko yakiwa baridi, na gesi iliyozidi hujitokeza kama viputo vidogo kwenye kuta za bika na juu ya majani. Bika jingine lenye maji yale yale na bikaboneti ile ile, lakini lenye mmea uliochemshwa hadi kufa, liwekwe mbele ya taa kwa umbali ule ule. Hilo ndilo jaribio la kulinganishia. Bila hilo huwezi kusema viputo vilitokana na uhai wa mmea.

Marekebisho bora kuliko yote ni kuacha kuhesabu viputo na kupima ujazo. Shina lielekezwe kwenye mdomo wa mrija mwembamba uliounganishwa na bomba la sindano. Gesi inayokusanyika kwa dakika tano au kumi huvutwa ndani ya mrija na urefu wake husomwa kwa rula. Kwenye mrija wenye kipenyo cha ndani cha milimita 1, safu ya gesi yenye urefu wa milimita 10 ina ujazo wa milimita za ujazo 7.9 hivi. Kifaa hiki kinaweza kutengenezwa kwa mrija wa plastiki unaoonyesha ndani na bomba la sindano jipya kutoka duka la dawa.

Hatua ya nne: tafuta kilichobadilika bila ruhusa

Jaribio halali hubadilisha kitu kimoja na kuviacha vingine vilivyo. Swali la tathmini ni kama hilo lilitekelezwa mezani, si kama liliandikwa kwenye mpango.

Anza na joto. Balbu ya zamani yenye waya unaong'aa hutoa sehemu kubwa ya nishati yake kama joto. Ikisogezwa sentimita 10 kutoka kwenye bika, maji yanapata mwanga zaidi na joto zaidi kwa wakati mmoja, na joto peke yake linaweza kuharakisha vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi) vya usanisinuru. Hapo huwezi kujua ni kipi kilichofanya kazi. Shaka hii ni ya kale. Jan Ingenhousz, daktari Mholanzi aliyechapisha majaribio yake mwaka 1779, aliona majani yaliyozamishwa majini yakitoa viputo juani na kuacha kivulini, na akajipa kazi ya kutenganisha mwanga wa jua na joto lake kabla ya kutamka kwamba kinachohitajika ni mwanga. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anayeweka kipimajoto ndani ya bika anafuata njia hiyo hiyo. Joto liandikwe mwanzoni na mwishoni mwa kila kipimo. Likipanda kwa nyuzi 4 kwenye sentimita 10 na lisipande kabisa kwenye sentimita 50, sema wazi kwamba kipimo cha kwanza kiliongezwa na joto. Taa ya LED hupunguza tatizo, au chombo bapa cha kioo chenye maji baridi kinaweza kuwekwa kati ya taa na bika ili kunyonya joto.

Kabonidayoksaidi nayo hupungua kadiri mmea unavyoitumia. Wanafunzi wengi huanza na sentimita 10 na kumalizia na 50, kwa hiyo vipimo vya mwanga hafifu ndivyo vinavyochukuliwa mwishoni, wakati bikaboneti imepungua na shina limekaa muda mrefu tangu likatwe. Kushuka kwa viputo kunaweza kuwa kumetokana na mwanga kupungua, au na muda kupita, na takwimu peke yake haziwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Lipo jaribio dogo la dakika chache linalotatua hili: baada ya kumaliza sentimita 50, rudisha taa kwenye sentimita 10 na uhesabu tena. Ikiwa idadi inarudi karibu na ile ya mwanzo, muda haukuharibu kitu. Ikishindwa kurudi, umeipata kasoro na ukubwa wake. Mara nyingine panga umbali bila mfuatano, kwa mfano 30, 10, 50, 20, 40.

Mmea uachwe dakika tano baada ya kila mabadiliko ya umbali ili uzoee mwanga mpya. Kundi lililohesabu papo hapo limebeba sehemu ya kasi ya umbali uliotangulia.

Hatua ya tano: zisome takwimu, usizitazame tu

Tuchukue mfano. Namba zifuatazo nimezitunga kwa ajili ya kufundishia, lakini zinafanana na zile ninazozikuta kwenye ripoti. Ni viputo kwa dakika, mara tatu kwa kila umbali:

Sentimita 10: 41, 44, 42
Sentimita 20: 30, 33, 31
Sentimita 30: 14, 27, 15
Sentimita 40: 8, 9, 8
Sentimita 50: 5, 6, 5

Kinachokamata jicho kwanza ni 27 kwenye sentimita 30. Wenzake ni 14 na 15. Ukiijumuisha, wastani ni 18.7, ukiiacha, ni 14.5. Namba ya aina hii haifutwi kwa sababu tu inaudhi. Inaachwa kwenye jedwali, inazungushiwa duara, sababu yake inatafutwa (je, meza ilitikiswa na viputo vilivyonasa kwenye majani vikaachia?), na kipimo kinarudiwa. Kama haiwezekani kurudia, ripoti ieleze wastani wote wawili na uliochaguliwa kwa sababu gani.

Sasa linganisha na thamani za mwanga. Wastani wa sentimita 50 ni 5.3. Ikiwa viputo vinakwenda sawia na mwanga, sentimita 40 inapaswa kutoa 5.3 mara 1.56, yaani 8.3, na hicho ndicho kilichopatikana. Sentimita 30 inapaswa kutoa 14.8, tumepata 14.5 bila ile namba iliyopotoka. Sentimita 20 inapaswa kutoa 33, tumepata 31.3, na vipimo vyenyewe vinatawanyika kati ya 30 na 33. Hapa takwimu zimetupa zawadi mbili. Kwanza, zinaonyesha kwamba hadi sentimita 20 mwanga ndio uliokuwa ukiamua kasi. Pili, zinapunguza ile shaka yetu ya mwanga wa dirishani, kwa sababu kama chumba kingekuwa na mwanga mwingi, idadi ya sentimita 50 ingekuwa kubwa kuliko uwiano unavyoruhusu. Kasoro iliyoshukiwa na kukutwa haina uzito mkubwa nayo iandikwe. Kuiondolea lawama ni sehemu ya tathmini.

Kisha njoo sentimita 10. Kwa uwiano ule ule tungetarajia viputo 133 hivi. Tumepata 42.

Mwanafunzi hodari ataandika kwamba hapa mwanga umeshatosha, na kitu kingine, pengine kabonidayoksaidi, ndicho kinachoizuia kasi isipande. Hili ni wazo la vikwazo vya kasi alilolieleza Mwingereza F. F. Blackman mwaka 1905, nalo ni jibu ambalo mitihani hulipenda. Linaweza kuwa sahihi. Lakini rudi kwenye swali letu: ni kitu gani kingine kingeweza kuleta namba hii hii? Gawanya 133 kwa 42, utapata takriban 3.2. Ikiwa viputo vya sentimita 10 vilikuwa na ujazo mara 3.2 ya viputo vya umbali mwingine, basi gesi yote iliyotarajiwa ilitoka na hapakuwa na kikwazo chochote. Ili ujazo uongezeke kiasi hicho, kipenyo kinahitaji kuongezeka chini ya mara moja na nusu tu, kwa mfano kutoka milimita 1 hadi karibu milimita 1.5. Tofauti hiyo ni ndogo, na jicho la mtu anayehesabu haraka halitaitambua.

Maelezo mawili, basi, yanagombania namba moja, na jaribio hili kama lilivyofanywa haliwezi kuamua kati yao. Hitimisho la uaminifu ni kusema hivyo, kisha kupendekeza jaribio litakaloamua. Pima ujazo badala ya idadi. Kama ujazo wa sentimita 10 nao uko chini ya uwiano, kikwazo ni cha kweli. Baada ya hapo, ukiwa bado kwenye sentimita 10, ongeza bikaboneti kidogo: kasi ikipanda, kabonidayoksaidi ndiyo iliyokuwa ikizuia, isipopanda, shuku joto au uwezo wa mmea wenyewe. Na kumbuka joto la taa, ambalo lingeiongeza namba ya sentimita 10. Kasoro hiyo inasukuma upande ulio kinyume na upungufu tuliouona, kwa hiyo haiwezi kuueleza.

Hatua ya sita: tofautisha kurudia kipimo na kurudia jaribio

Vipimo vitatu juu ya shina moja vinaonyesha kama mhesabuji na shina hilo wanaaminika. Havisemi chochote kuhusu mashina mengine. Shina moja linaweza kuwa changa, jingine limekatwa vibaya na wembe butu hadi mkato ukajikunja. Ikiwa darasa lina makundi sita, matokeo ya makundi yote yawekwe kwenye jedwali moja, kila kundi likiwa na shina lake. Idadi zitatofautiana sana, na hilo lisiwatishe. Kinachotazamwa ni kama kila shina linaonyesha mwelekeo ule ule.

Jani na wanga: udhaifu wa aina nyingine

Jaribio la jani lina swali jepesi zaidi: je, mwanga unahitajika? Mmea kwenye chungu huwekwa gizani saa 24 hadi 48 ili wanga utumike wote, sehemu ya jani hufunikwa kwa karatasi ya alumini, mmea hupelekwa juani kwa saa kadhaa, kisha jani huchemshwa, huondolewa klorofili (rangi yake ya kijani) kwa spiriti moto, huoshwa na kudondoshewa ayodini, ambayo hubadilika rangi ikikuta wanga. Sehemu iliyopata mwanga hugeuka kuwa buluu iliyokoza hadi nyeusi. Iliyofunikwa hubaki na rangi ya kahawia ya ayodini. Spiriti ipashwe kwa kuweka chombo chake ndani ya maji yaliyokwisha kuchemshwa, moto ukiwa umezimwa kabisa, kwa kuwa mvuke wake hushika moto kwa urahisi sana.

Tathmini yake ianze na giza. Nani alithibitisha kwamba wanga ulikwisha? Jani moja lichumwe na kupimwa kabla ya mmea kutolewa nje. Bila hilo, wanga ulioonekana unaweza kuwa wa juzi. Kisha itazame ile alumini. Haikuzuia mwanga peke yake. Ilizuia pia hewa kufika kwenye stomata (vitundu vidogo vya jani vinavyopitisha hewa) za sehemu ile, na mtu anaweza kudai kwamba kilichokosekana ni kabonidayoksaidi. Jibu ni kufunika sehemu nyingine ya jani hilo hilo kwa plastiki inayopitisha mwanga, iliyobanwa kwa klipu za aina ile ile. Ikigeuka kuwa buluu, dai la hewa limekwisha.

Aina ya mmea nayo huamua. Majani ya kitunguu huhifadhi sukari badala ya wanga, kwa hiyo ayodini haitabadilika rangi hata kama usanisinuru umeenda vizuri kabisa. Na kwa mmea wowote, weusi wa rangi usigeuzwe kuwa kipimo cha kasi. Jaribio hili linajibu ndiyo au hapana.

Hatua ya mwisho: kuandika tathmini yenyewe

Chagua kasoro mbili au tatu zenye uzito na uzieleze kikamilifu, badala ya kuorodhesha kumi kwa majina. Uzito wa kasoro unajulikana kwa kuuliza kama ingeweza kubadilisha hitimisho. Kosa la sekunde moja katika dakika nzima ni chini ya asilimia 2, na haliwezi kueleza pengo la kati ya 42 na 133, lisichukue nafasi. Usiandike "vifaa vilikuwa vibovu" bila kusema kifaa gani. Usipendekeze "kuwa makini zaidi", kwa sababu umakini hauwezi kuagizwa kwa maandishi. Pendekeza kipimajoto, nukta za penseli, mrija, bika la pili.

Aya ifuatayo inaonyesha jinsi takwimu zetu za mfano zinavyoweza kutathminiwa:

"Matokeo yanaunga mkono dai kwamba kasi ya kutoa viputo huongezeka sawia na mwanga kati ya sentimita 50 na 20, kwa sababu wastani wa kila umbali uko karibu na uwiano uliotarajiwa. Kipimo cha 27 kwenye sentimita 30 kilitengwa baada ya kuonekana kwamba meza ilitikiswa. Kwenye sentimita 10 idadi ilikuwa chini ya theluthi moja ya iliyotarajiwa. Hatuwezi kusema kwa uhakika kwamba kabonidayoksaidi ilikuwa kikwazo, kwa kuwa ujazo wa viputo haukupimwa, na ongezeko la kipenyo lisilofika mara moja na nusu lingetosha kuleta upungufu huo. Joto la maji lilipanda kwa nyuzi 4 kwenye umbali huu, jambo ambalo lingeongeza idadi, si kuipunguza. Shina moja tu lilitumika, hivyo matokeo yanahusu shina hilo. Jaribio lirudiwe kwa mashina sita, gesi ikusanywe kwenye mrija kwa dakika tano, na kipimo cha sentimita 10 kifanywe kabla na baada ya kuongeza bikaboneti."

Aya hii haina neno "lilifanikiwa" wala "lilishindwa". Mwalimu anayesahihisha anaweza kupiga mstari chini ya kila sentensi na kuonyesha ilitoka kwenye namba ipi ya jedwali, na mwanafunzi wa mkondo mwingine anaweza kuichukua Jumatatu na kuanza kazi pale ilipoishia.